Mcheza Kwao Hutunzwa na Nani? Mzee Ojwang' na Deni la Kicheko

Usiku wa Jumapili, tarehe 12 Julai 2015, Benson Wanjau alifariki katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 78. Alikuwa ameugua nimonia. Habari zilizoenea asubuhi iliyofuata zilimtaja kwa jina jingine: Mzee Ojwang' Hatari, mume mwenye hila nyingi na bahati chache katika mchezo wa runinga wa Vitimbi. Jina la kwanza ni la Mkikuyu, la pili ni la Mjaluo. Mtu aliyelazwa hospitalini alikuwa mmoja, na taifa zima lilimlilia kwa jina ambalo hakupewa na wazazi wake.

Kifo hicho kilizua maswali mawili ambayo kwa kawaida hujadiliwa mbalimbali. La kwanza linahusu haki ya kuiga: je, ni halali mtu wa kabila moja kuvaa jina na lafudhi ya kabila jingine ili watu wacheke, hasa pale ambapo makabila hayo mawili yana historia ya uhasama wa kisiasa? La pili linahusu fadhila: je, watu waliocheka kwa miaka thelathini wana deni lolote kwa aliyewachekesha, au walikwisha kulimaliza pale walipokaa mbele ya runinga na kutazama? Swali la kwanza wameachiwa wahakiki wa fasihi na wanaisimu-jamii. La pili wameachiwa vyama vya wasanii na wachangishaji wa fedha za hospitali. Hata hivyo, mtu akiyachunguza kwa utulivu ataona kwamba jibu la moja linategemea jibu la jingine. Uhalali wa kicheko hauamuliwi na maneno ya mchezo peke yake. Huamuliwa pia na yale ambayo wachekaji wako tayari kuyatenda mchezo unapokwisha.

Yafaa kuanza na mahali mchezo ulipochezwa. Runinga iliingia Kenya mwaka 1962, katika mkesha wa uhuru. Kwa miaka mingi shirika la utangazaji liliitwa Sauti ya Kenya na lilikuwa chini ya wizara ya serikali, hadi mwaka 1989 lilipogeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC. Kituo cha kwanza cha runinga cha binafsi, KTN, kilianza mwaka 1990. Kwa hiyo kizazi kizima kilikua kikitazama kituo kimoja tu. Nyumba yenye runinga ilikuwa nyumba ya mtaa mzima: watoto wa majirani walikaa sakafuni, wazee wakapewa viti, na wote wakasubiri saa ya mchezo wa Kiswahili. Vioja Mahakamani na Vitimbi havikuwa na mshindani katika nyumba hizo. Nchi hiyo ilikuwa ya chama kimoja kisheria tangu mwaka 1982 hadi 1991, na katika kituo cha serikali mkubwa hakuchekwa. Waliochekwa walikuwa watu wa chini: mwenye deni asiyetaka kulipa, mlevi, tapeli wa mtaani, shahidi anayejikanganya kizimbani, mume anayemficha mkewe mshahara.

Ndani ya ulimwengu huo mdogo Wanjau alimjenga Ojwang', na mwenzake, Mary Khavere, akamjenga Mama Kayai, mke mwenye ulimi mkali aliyemshinda karibu kila mara. Mchezo wenyewe ulikuwa sahili. Ojwang' hubuni hila, hila humgeukia, Mama Kayai hugundua, fedha hupotea, heshima hupotea zaidi. Waliowazunguka walizungumza Kiswahili kila mmoja kwa lafudhi ya kwao, na tofauti hizo zilikuwa sehemu kubwa ya ucheshi. Mtazamaji aliyezoea Kiswahili cha Lamu au cha Mvita angeweza kulalamika kwamba lugha ilikuwa ikiharibiwa hadharani, na wapo waliolalamika hivyo juu ya vichekesho vya bara kwa jumla. Lakini Kiswahili hicho ndicho kilichosikika kweli katika vituo vya mabasi na foleni za ofisi za serikali. Runinga haikukibuni. Ilichofanya ni kukisikiliza na kukirudisha kwa wenyewe.

Neno kusikiliza lina uzito hapa. Kijaluo hakina sauti ya *sh*, na kwa sababu hiyo mzungumzaji wake anapojifunza Kiswahili ukubwani huelekea kusema *samba* badala ya *shamba* na *kwisa* badala ya *kwisha*. Kikuyu kina mtego wake tofauti: hakitenganishi *l* na *r* kama Kiswahili kinavyozitenganisha, kwa hiyo *lala* na *rara* hupigana kinywani. Mkikuyu anayetaka kusikika kama Mjaluo ana kazi mbili. Kwanza ni lazima auvue ulimi aliozaliwa nao, kisha auvae ule ambao hakuzaliwa nao, tena auvae kwa namna ambayo mwenye ulimi huo hataiona kuwa kejeli ya mtoto wa shule. Kazi hiyo haifanyiki kwa dharau. Mwenye dharau hushika kosa moja au mawili na kuyarudia. Anayesikiliza hushika mapigo ya sentensi, mahali pa kupumua, fahari ya msemaji na namna anavyojitetea akibanwa. Ndiyo maana maigizo mengi ya lafudhi huchosha baada ya dakika kumi, ilhali Ojwang' aliishi kwa miongo mitatu.

Hata hivyo, ustadi si hoja ya kimaadili. Mtu anaweza kuiga vizuri sana na bado akatenda ubaya. Uhasama baina ya wanasiasa wa Kikuyu na wa Kijaluo ulitia sumu siasa za Kenya tangu mwaka 1969, pale Tom Mboya alipouawa mwezi wa Julai na watu wakapigwa risasi Kisumu mwezi wa Oktoba wakati wa ziara ya Rais Jomo Kenyatta. Ulilipuka tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo zaidi ya watu elfu moja walikufa katika sehemu mbalimbali za nchi. Katika vurugu za aina hiyo, lafudhi huwa hati ya kusafiria au hukumu ya kifo: mtu husimamishwa njiani, huambiwa ataje neno, na ulimi wake humsaliti. Sauti ileile inayochekesha Jumatatu yaweza kumwua mwenyewe Ijumaa. Basi haitoshi kusema kwamba watu walikuwa wakicheka tu. Swali ni kicheko chao kilikuwa cha namna gani.

Mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson, katika kitabu chake juu ya kicheko kilichotoka mwaka 1900, alishikilia kwamba kicheko na huruma havikai pamoja. Ili mtu acheke, hana budi kuiweka huruma kando kwa muda na kumtazama mwenzake kama kitu kinachokwenda chenyewe, kama mashine iliyovaa nguo. Kicheko kwake ni adhabu ndogo ambayo jamii humpa mtu aliyekakamaa, ili ajirekebishe na kurudi katika mwendo wa wengine. Nadharia hiyo ina nguvu. Inaeleza kwa nini mtu anayeteleza huchekwa, na kwa nini lafudhi, ambayo ni ulimi uliokataa kupinda, huchekwa pia. Lakini ikiwa ni kweli yote, basi hukumu juu ya Ojwang' ingekuwa kali: watazamaji wa Kenya walikuwa wakiadhibu Ujaluo kila juma, na Mkikuyu ndiye aliyeshika kiboko.

Afrika Mashariki ina mfano wa kicheko ambao nadharia hiyo haiwezi kuueleza. Mfano huo ni utani. Katika Kiswahili cha kila siku neno hilo lina maana ya mzaha wowote, lakini kama desturi, hasa Tanzania, utani ni uhusiano wenye mipaka na kanuni baina ya koo, au makabila, au baina ya babu na mjukuu, au mtu na shemeji yake. Watani huruhusiwa kutukanana hadharani, kunyang'anyana vitu, kucheka sura, chakula na matamshi ya wenzao, wala aliyetaniwa haruhusiwi kukasirika. Wanaanthropolojia wameuandikia sana, A. R. Radcliffe-Brown aliutolea nadharia mwaka 1940 akiuona kuwa njia ya kuwaunganisha watu ambao maslahi yao yanagongana, kwa kuupa ugomvi wao umbo la mchezo. Makabila mengi yanayotaniana leo yalikutana zamani kwa vita au katika njia za misafara, kisha yakaugeuza ugomvi wa jana kuwa mzaha wa leo.

Jambo moja katika desturi hiyo husahauliwa na wale wanaoitaja kwa haraka kama kisingizio cha matusi. Utani una gharama. Mtani anayo haki ya kucheka kwa sababu anao wajibu wa kusaidia. Msiba ukitokea, mtani hufika. Katika desturi za sehemu nyingi, ndiye anayefanya kazi ambazo jamaa wa marehemu hawaziwezi kwa uchungu: husaidia kaburini, hupika, husimamia, na wakati huohuo huigiza marehemu, hudai chochote kabla ya kazi kuendelea, na kuwachekesha waliofiwa katikati ya kilio. Watu hawamkatazi, kwa kuwa wanamwona mikono yake ikiwa na udongo. Mtu asiye mtani akifanya vivyo hivyo angefukuzwa, pengine kwa fimbo. Maneno ni yaleyale na kicheko ni kilekile. Tofauti ni kwamba mmoja amefungwa na wajibu na mwingine hajafungwa na lolote.

Kutokana na hapo yaweza kutolewa kanuni: kicheko juu ya watu wengine ni halali kadiri mchekaji alivyojifunga kwao. Si lazima awe wa kabila lao. Mtani siku zote ni mgeni. Kama angekuwa wa ukoo mmoja na anayemtania, utani ungekuwa ugomvi wa nyumbani. Kinachotakiwa ni mambo mawili. La kwanza ni malipizano, yaani anayecheka leo akubali kuchekwa kesho. La pili ni wajibu, yaani anayecheka wakati wa raha afike wakati wa dhiki.

Kwa kipimo cha kwanza, Vitimbi inapita, ingawa si bila dosari. Katika mchezo ule hakuna kabila lililokaa kando likicheka wengine. Mkamba, Mluhya, Mkisii, Mkikuyu na Mjaluo wote walikuwa na zamu ya kuanguka, na Kiswahili kiliwapokea wote bila kumpa mmoja wao kiti cha hakimu. Kilichochekwa kwa Ojwang' kilikuwa tamaa yake na imani yake isiyotikisika kwamba safari hii hila itafaulu. Mambo hayo hayana kabila. Lakini ni kweli pia kwamba waliopanga vipindi walikuwa watumishi wa serikali, kwamba makabila madogo yalionekana kwa nadra, na kwamba mazoea ya kusikia lafudhi fulani kila mara katika kinywa cha tapeli humwandaa msikilizaji kumshuku jirani yake. Mtu mwadilifu hawezi kuyafuta hayo kwa kusema kwamba watu walifurahi. Awezalo kusema ni kwamba malipizano yalikuwepo, tena katika nchi ambayo bunge na baraza la mawaziri mara nyingi halikuyaonyesha.

Kipimo cha pili ni kigumu zaidi, na hapo ndipo maisha ya Wanjau mwenyewe yanapoingia. Kwa maana katika utani wa runinga mtani ni nani? Wanjau alilipa sehemu yake kwa kazi ya maisha. Waliobaki ni watazamaji. Wao ndio waliocheka Ujaluo uliovaliwa na Mkikuyu, na wao ndio waliopaswa kuonyesha kwamba kicheko chao kilikuwa cha watani, si cha watu waliosimama nje ya uzio.

Kiswahili kina methali iliyokwisha kulitafakari jambo hilo: mcheza kwao hutunzwa. Nguvu ya methali hiyo imo katika kitenzi chake. Kutunza ni kumpa mchezaji zawadi papo hapo, kama watazamaji wa taarabu wanavyoinuka na kumwendea mwimbaji na noti mkononi, au kama mama anavyomfunga mcheza ngoma leso kiunoni. Kutunza pia ni kumlea na kumhifadhi mtu asiharibikiwe. Methali inayatia mambo hayo mawili katika neno moja kwa sababu katika ngoma ya kijijini yalikuwa jambo moja. Aliyekutunza jana kwa shilingi ndiye atakayekutembelea ukiugua, kwa kuwa anakujua mlango wako. Na neno la kati ndilo kufuli ya methali yote: *kwao*. Mchezaji ana kwao, na hao wa kwao wana uso, jina na mkono wa kutoa.

Runinga iliukata mkono huo. Mtazamaji alimwona Ojwang', Ojwang' hakumwona mtazamaji. Kicheko kilichotoka Kakamega, Voi na Garissa hakikufika studio, na noti ambayo katika ngoma ingebandikwa kwenye paji la uso la mchezaji haikuwa na njia ya kupita kwenye kioo. Mahali pa mkono huo pangepaswa kuchukuliwa na mkataba. Lakini mkataba wa mwigizaji wa kipindi, duniani kote, ulikuwa dhaifu tangu mwanzo. Mkataba wa Kimataifa wa Roma wa mwaka 1961, uliowapa watendaji wa sanaa haki juu ya kazi zao, uliwatenga waigizaji wa picha: kifungu chake cha 19 kinasema kwa maana kwamba mtendaji akisha kukubali utendaji wake utiwe katika picha, ulinzi aliopewa na mkataba huo juu ya utendaji wake haumhusu tena. Dunia ilingoja hadi mwaka 2012 ndipo ukapitishwa Mkataba wa Beijing juu ya utendaji wa sauti na picha, na haukuanza kufanya kazi hadi Aprili 2020, karibu miaka mitano baada ya Wanjau kufa. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inazitambua haki za watendaji, na Katiba ya mwaka 2010 inaitaka serikali kukuza sanaa na kulinda mali ya ubunifu ya watu wake. Lakini miaka ya fahari ya Vitimbi ilikwisha kupita. Waigizaji wa kizazi hicho wamelalamika hadharani mara nyingi juu ya ujira mdogo na juu ya vipindi kurudiwa bila wao kuguswa na faida yake.

Miaka michache kabla ya kifo chake, macho ya Wanjau yalififia. Habari za hali yake zilipotangazwa, Wakenya walimchangia fedha za matibabu, wengi wao kwa simu, kwa njia ileile ya kutumiana fedha iliyokuwa imeenea nchini tangu mwaka 2007. Hapo mkono uliokatwa na runinga ulirudi ghafla. Watu ambao hawakuwahi kuwa na njia ya kumtunza walimtunza wote kwa mara moja. Ni jambo la kupendeza, na mtu asiliseme vibaya. Harambee ni neno la fahari katika historia ya Kenya, na aliyetoa shilingi mia kwa ajili ya macho ya mzee asiyemjua alitenda wema.

Pamoja na hayo, harambee ina kasoro ya kimaadili ambayo wema wa watoaji hauiondoi. Inageuza deni kuwa sadaka. Tofauti ya vitu hivyo viwili inajulikana vyema katika maadili ya Waswahili: deni hulipwa kabla ya sadaka kutolewa, na mali ya marehemu haigawiwi warithi kabla ya wadai wake kuridhishwa. Mwenye kudai husimama wima. Mwenye kuomba huinama. Mzee anayeonyeshwa runingani akiwa mgonjwa ili watu wamhurumie, ameinamishwa na watu ambao, kwa haki, yeye ndiye aliyekuwa akiwadai. Tena, sadaka hutegemea huruma, na huruma hutegemea umaarufu. Mwigizaji aliyecheza mlinzi wa lango kwa miaka ishirini, ambaye jina lake halikumbukwi na mtu, hatachangiwa. Deni halina upendeleo huo. Deni humhesabu hata asiyekumbukwa.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili kusikilizwa. Ya kwanza inasema: alilipwa, alikubali, na hakuna aliyemlazimisha. Mtu akiuza embe kwa shilingi kumi hawezi kurudi baada ya miaka thelathini kudai kwamba lilikuwa tamu mno. Pingamizi hiyo ingekuwa na nguvu kama kicheko kingekuwa embe. Embe likiliwa limekwisha. Mchezo uliorekodiwa huliwa kila siku na haupungui. Vipande vya vichekesho vya zamani vya KBC vinatazamwa leo mitandaoni Muscat, London, Toronto na Minneapolis, na watu ambao wengine wao walikuwa hawajazaliwa vilipotengenezwa. Malipo yaliyokadiriwa kwa kuonyeshwa mara moja usiku mmoja hayawezi kuitwa malipo ya matumizi yasiyo na mwisho. Na ridhaa ya mtu ambaye hana kituo kingine cha kwenda, katika nchi yenye kituo kimoja, ni ridhaa yenye kovu.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, na inatoka upande wa haki yenyewe. Inauliza: kwa nini mchekeshaji? Mchuma majani ya chai wa Kericho naye huugua macho. Muuguzi wa zahanati ameokoa watu wengi kuliko aliowachekesha Ojwang'. Kumfanya mwigizaji kuwa mdai maalumu wa taifa ni kuongeza tu heshima kwa anayejulikana na kumsahau asiyejulikana. Jibu la kweli linaanza kwa kukubali. Matibabu ni haki ya kila mtu, na Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 43, inayahesabu hivyo. Mgonjwa hapaswi kwanza kuwa mcheshi ili apate tiba. Kama haki hiyo ingetekelezwa, sehemu kubwa ya aibu ya harambee za wasanii ingetoweka, pamoja na harambee za wasio wasanii. Lakini haki hiyo haifuti deni lingine lililo la mwigizaji peke yake, kama vile haki ya mchuma chai ya kutibiwa haifuti mshahara wake. Tena umaskini wa mtu maarufu una uchungu wake wa namna ya pekee. Maskini wa kawaida huweza kujificha. Uso uliozoeleka nchi nzima hauna pa kujificha. Kila anayekutana nao hudai Ojwang', na hakuna anayeuliza habari za Wanjau. Jamii iliyoufanya uso wa mtu kuwa mali ya wote, kisha ikaacha tumbo lake kuwa shauri lake mwenyewe, imechukua kitu na haijakilipa.

Hali hiyo haikuwa ya Kenya peke yake. Tanzania ilimzika Amri Athumani, Mzee Majuto wa Tanga, aliyefariki tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili baada ya kuugua kwa muda. Katika mwaka huohuo wa ugonjwa wake, mjadala ulihama kutoka kwenye michango hadi kwenye mikataba: waziri aliyehusika na sanaa, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii, ya Majuto ikiwemo. Mtu anaweza kuwa na shaka juu ya kamati za serikali, na mara nyingi shaka hiyo ina sababu. Lakini kuuliza mkataba ulisema nini ni tofauti kabisa na kuuliza nani atachanga. Swali la kwanza linamtazama msanii kama mdai, na hapo tu ndipo methali inapoweza kurudishiwa maana yake katika zama za runinga. Neno *kwao* haliwezi tena kuwa na maana ya kijiji, kwa hiyo ni lazima litafsiriwe kwa lugha ya sheria: kumbukumbu za nani alicheza nini, malipo ya kila kurudiwa, mfuko wa uzeeni unaokatwa kwenye matangazo, na haki ya jina lisitumiwe kuuza bidhaa bila mwenyewe au warithi wake kujua.

Sheria peke yake, hata hivyo, haitamfikia mtazamaji, na mtazamaji ndiye aliyecheka. Hasa mtazamaji wa ughaibuni ana hesabu yake. Kwake yeye mchezo wa zamani hutenda kazi zaidi ya kuchekesha: humrudishia sauti za mtaa, humfundishia mtoto wake Kiswahili chenye mikwaruzo ya maisha, humpa jioni moja ya kuwa nyumbani. Huduma hiyo anaipata bure. Akijitetea kwamba hakuna alipopelekewa hati ya malipo, amesema kweli. Lakini mtani wa kweli hangoji hati. Anajua kwamba haki yake ya kucheka jina la Ojwang', lafudhi ya Ojwang' na maanguko ya Ojwang' inashikiliwa na jambo moja tu, nalo ni kwamba siku ya dhiki atakuwa upande wake. Yapo mambo anayoyaweza: kutazama mahali ambapo fedha zinawafikia wenye kazi, kuwaunga mkono waigizaji walio hai wanapodai mikataba, na kuyataja majina yao halisi mbele ya watoto wanaowacheka.

Benson Wanjau alivaa jina la jirani ambaye siasa zilimtaka amwogope, akalivaa vizuri kiasi kwamba jirani huyo na watu wake wote wawili wakacheka pamoja. Kwa upande wake masharti ya utani yalitimia. Wale waliocheka walifika msibani kwa maelfu, kwa machozi ya kweli na maneno mazuri. Desturi inamtaka mtani afike mapema zaidi ya hapo, wakati mgonjwa bado anaweza kumwona.